Tupeane uzoefu: kumbukumbu ya Agosti 7, na wanaoishi na vyuma vya mlipuko mwilini

Mlinzi wa Majina (Arusha)

Wakuu, heshima kwenu. Agosti 7 hiyo inabisha hodi. Mwaka 1998 ilikuwa Ijumaa. Kati ya saa nne na nusu na saa tano kasoro dakika ishirini asubuhi, balozi mbili za Marekani zililipuliwa kwa kupishana dakika chache. Nairobi walikufa watu 213, Dar es Salaam 11. Sisi wa Arusha tuna la kwetu pia: Jumapili ya Mei 5, 2013, parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, Olasiti. Watu watatu walikufa na zaidi ya 60 walijeruhiwa siku ya uzinduzi wa kanisa.

Uzi huu si wa kusimulia nani alikuwa wapi siku ile. Nyuzi hizo zipo tele, zinamliza mtu halafu zinamwacha hapo hapo. Leteni kazi: siku inaandaliwaje, majeraha yanatunzwaje, makaratasi je, na watu hukosea wapi.

Naanza na kusoma majina ya marehemu. Majina 224 kwa sekunde nne kila moja ni dakika 15. Wekeni wasomaji wawili, wapokezane kila baada ya majina 20, kwa sababu sauti ya mmoja huchoka na hapo ndipo majina huanza kukimbizwa. Karatasi ichapwe upande mmoja, herufi kubwa, namba ya ukurasa juu. Msomaji asiyejua kutamka jina la Kijaluo au la Kikuyu akae na mwenye lugha siku mbili kabla, si dakika tano kabla. Jina la marehemu likitamkwa ovyo mbele ya mama yake, hata kwaya iimbe vipi haitaokoa kitu. Na lile neno "na wengineo" lisisikike kabisa.

Nesi wa Njiro

Mkuu, ongeza la sauti. Aliyepona mlipuko mara nyingi hushtushwa na kishindo asichokitarajia kuliko kikubwa anachokijua. Kwa hiyo spika zipimwe kabla watu hawajafika. Jenereta likae mbali, na lisiwe lile la kukohoa. Baluni na fataki, hapana. Kama kengele itagongwa, mshereheshaji atangaze mapema: itagonga saa ngapi, mara ngapi.

Viti vya majeruhi viwe mwisho wa safu, karibu na njia ya kutokea, ukuta nyuma yao. Kuwaweka mstari wa mbele katikati ili wapigwe picha ni heshima ya wapiga picha, si yao. Mwenye sikio moja lililokufa aulizwe ni lipi, ndipo apangiwe upande. Kipaza sauti asipewe ghafla. Aombwe jana yake, na akikataa yaishe. Kumketisha mtu kikao kimoja na kumlazimisha asimulie "ili atoe yaliyo moyoni" hakumponyi, na wapo kinaowazidishia.

Usingizi kukatika wiki mbili tatu kabla ya tarehe ni jambo la kawaida kwa wengi. Ukiendelea kukatika hata baada ya siku kupita, au pombe ikiongezeka, apelekwe kliniki ya afya ya akili. Asisubiri mwaka ujao.

Kioo na Jicho (Moshi)

Watu huuliza kwa nini Nairobi kulikuwa na majeraha mengi hivyo ya macho. Kabla ya bomu kubwa kulisikika mlio wa guruneti na risasi. Watu wa maghorofani wakakimbilia madirishani kutazama. Bomu likalipuka wakiwa wameuelekezea kioo uso. Jengo la jirani, Ufundi, likaporomoka, na barabara ilikuwa imejaa watu. Dar es Salaam lori la maji la ubalozi lilikuwa getini, likaziba njia ya gari lenye bomu na kupokea sehemu kubwa ya kishindo.

Kwa hiyo hili lifundishwe shuleni na maofisini: ukisikia mlio usioujua, kaa mbali na dirisha. Lala chini nyuma ya ukuta. Na baada ya mlipuko wa kwanza usiende kutazama, maana huenda upo wa pili. Hapa kwetu kitu kikilia tu, watu hujaa kama mnadani.

Jicho lililochomwa na kioo: usilisugue, usilioshe, usichomoe kilichoingia. Chukua kikombe cha karatasi, kata kitako chake, kifunike juu ya jicho kikae kwenye mifupa ya pembeni bila kuligusa jicho lenyewe, kisha bandika plasta. Kosa kubwa ni kukandamiza pamba na bendeji juu yake. Shinikizo hilo hukamua vilivyomo ndani ya jicho vikatoka. Mgonjwa akae amenyanyua kichwa, asile wala kunywa, kwani anaweza kuhitaji upasuaji. (Vumbi tupu bila jeraha, hilo lioshwe kwa maji safi mengi.) Na jicho moja likipasuka, la pili nalo lifuatiliwe. Mwili unaweza kuligeukia lile zima na kulishambulia, wiki chache au hata miaka baadaye. Ukungu au kuumizwa na mwanga kwenye jicho zima ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo.

Mlinzi wa Majina

Na vyuma vilivyobaki mwilini? Kuna watu wanaambiwa "viache tu", wanadhani wamepuuzwa.

Kioo na Jicho

Hawajapuuzwa. Kipande kilichozama kwenye nyama na kimetulia, kukitafuta kwa kisu huweza kuharibu zaidi ya kukiacha. Hutolewa kikileta usaha, kikikaa ndani ya kiungo, kikigusa mshipa wa fahamu, au kikisogea karibu na ngozi. Eksirei huonyesha chuma na vioo vingi, ila kijiti cha mbao hakionekani. Kidonda kinachofunga na kufunguka huku picha ni safi, fikiria mbao au kitambaa.

Jambo la kukaririwa: mwenye chuma mwilini asiingie kwenye kipimo cha MRI kabla hajasema. Sumaku ya mashine ile inaweza kukivuta chuma kikasogea, na kikiwa jichoni anaweza kupofuka. Andika kwenye kadi ndogo "Nina vyuma vya mlipuko", taja sehemu, ikae pamoja na kadi ya bima. Miaka 20 ikipita, anayempeleka hospitali ni mjukuu asiyejua habari hiyo.

Fundi Miguu (Moshi)

Hapa Moshi tuna bahati ya TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia kilichopo KCMC tangu 1981. Lakini mguu wenyewe ukishapatikana, watu hukosea nyumbani.

Kigutu, yaani sehemu ya mguu iliyobaki baada ya kukatwa, husinyaa, hasa mwaka wa kwanza. Soketi (kikombe cha mguu bandia kinachoingia kigutu) iliyokubana Januari inacheza Juni. Unaongeza soksi za kigutu, nyembamba kwanza, kisha nene. Ukifika mahali unavaa rundo la soksi na bado mguu unazunguka, usiongeze nyingine. Rudi upimwe soketi mpya. Soksi zikizidi, uzito unahamia ncha ya mfupa na kidonda kinaanza.

Kigutu kioshwe jioni, siyo asubuhi, kwa sababu ngozi mbichi huvimba na kunata ndani ya soketi. Ukivua, kagua kwa kioo kidogo upande wa nyuma. Wekundu usioisha ndani ya dakika 20 ni alama kwamba soketi inagandamiza. Na viatu! Nyayo ya bandia hupangwa kwa kimo cha kisigino cha kiatu ulichokwenda nacho. Ukitoka hapo ukavaa ndala bapa, mwili unavutwa nyuma, goti linauma, lawama anapewa fundi. Mtoto hupimwa upya kila miezi 6 hadi 12 kwa sababu anakua.

Waliokatwa kwa mlipuko wana jambo la ziada: mfupa huweza kuota ndani ya nyama ya kigutu. Uvimbe mgumu unaouma mahali pamoja siyo "kujizoesha tu". Piga eksirei.

Mtunza Jalada

Karatasi. PF3 (fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi) halisi hurudi polisi na kuingia kwenye jalada la kesi, kwa hiyo toa nakala nne kabla hujairudisha. Risiti za mashine ya EFD hufutika zenyewe, hata ndani ya kabati. Zipige nakala wiki ile ile. Cheti halisi usikipeleke kufunikwa plastiki ya moto, maana siku kinatakiwa kugongwa muhuri hakigongeki.

Kinachokwamisha wengi ni jina. PF3 inasema Yosefu, kitambulisho cha NIDA kinasema Joseph, cheti cha kifo cha RITA kina jina la ukoo mbele. Tengeneza hati ya kiapo sasa, wakati shahidi anayejua kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja bado yu hai.

Kuhusu fidia, tusidanganyane. Machi 2021 Marekani ilitangaza kupokea dola milioni 335 kutoka Sudan kwa wahanga wa mashambulizi kadhaa, ya 1998 yakiwemo. Mpango ule uliwalenga raia wa Marekani na waliokuwa wafanyakazi wa balozi. Wapita njia walioumia barabarani wakabaki nje. Ukipigiwa simu utume "ada ya fomu" ili jina lako liingie, huyo ni tapeli.

Fundi Terazo

Kwenye jiwe la majina, chora kwanza kwenye karatasi kwa ukubwa ule ule, kila familia itie saini pembeni ya jina lake, ndipo uchonge. Herufi milimita 25, kina milimita 3. Graniti nyeusi huvumilia. Terazo nayo nzuri ila rangi ya herufi hutoka mapema. Msingi wa zege 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), umwagiliwe maji siku saba. Udongo mweusi wa mbuga hupanuka masika na kupasuka kiangazi, hivyo uchimbwe mpaka uishe. Usibandike bamba kwa gundi pekee, jua litalibandua. Tumia pini za chuma kisichoshika kutu, kwa sababu pini ya nondo ikila kutu huvimba na kupasua jiwe.

Na acha nafasi chini. Majeruhi wengine hufa baadaye kwa majeraha yale yale, na jiwe lililojaa halina pa kuwaweka.

Mzee wa Kihamba

Pandeni masale, ule mmea wa jadi wa Wachagga, kulizunguka jiwe.

Nesi wa Njiro

Shikamoo mzee. Samahani, sale si la kuombea msamaha? Hapo nani anamwomba nani?

Mzee wa Kihamba

Marahaba mwanangu. Umeuliza vema. Sale la kuombea msamaha hupelekwa mkononi, kwa mtu uliyemkosea. Hili linalopandwa ardhini ni la mpaka na la kaburi. Linasema hapa pana watu, pasilimwe. Wasiokuwa Wachagga waelezwe hivyo kabla, wasidhani wanasamehe bila kuulizwa.

Kata vipande vya sentimita 40, viache kivulini siku mbili tatu jeraha likauke, panda theluthi moja ardhini, nafasi ya hatua moja. Ila Agosti ni vumbi na baridi, siku yenyewe chimbeni mashimo tu na kuweka samadi. Miche ije na mvua za vuli.