Jibu: Siku moja Lamu pamoja na sahibu wa zamani

Assalamu alaikum ndugu na dada zangu,

Ndugu yetu aliuliza juma lililopita namna ya kuipanga siku moja mjini Lamu, kwa kuwa likizo yake ni fupi na anaye rafiki ambaye hajaonana naye kwa zaidi ya miaka 20. Namjibu kwa yaliyonipata mwenyewe mwezi wa Januari, nilipotoka Toronto kwenda kumzika shangazi yangu na nikabakiwa na siku moja tu kabla ya safari ya kurudi. Ushauri wangu ni huu: mpe sahibu yako siku nzima, muuzunguke mji kwa miguu nyinyi wawili, wala usikubali kuketishwa ukumbini kama mgeni kabla jua halijatua. Watu waliotengana muda mrefu, wakiwekwa mbele ya sinia la biriani, huulizana habari za watoto, za kazi na za baridi, kisha maneno huwaishia. Wakitembea, kila kona ya mtaa huwapa la kusema.

Tulikutana Mkunguni, mbele ya Ngome, saa mbili asubuhi. Alikuwa ameketi kwenye baraza amenipa mgongo, nami nilimtambua kwa ule mgongo kabla hajageuka. Tulikumbatiana, tukanywa kahawa chungu, kisha nikamwomba tuingie Ngome. Akaniambia kwamba yeye, ambaye hajapata kuuhama mji, hajawahi kupanda juu yake hata siku moja.

Wa rika letu watafahamu kwa nini. Ngome ilianza kujengwa mwaka 1813, baada ya Waamu, yaani watu wa Lamu, kuwashinda Wapate na Mazrui wa Mombasa katika vita vya Shela, kijiji cha jirani, ikamalizika mwaka 1821. Lakini sisi tuliijua kuwa gereza, na ilibaki gereza hadi mwaka 1984, tulipokuwa na umri wa miaka 14. Utotoni tulikuwa tukipita chini ya kuta zile tukiharakisha hatua. Sasa tulipanda ngazi taratibu, tukasimama juu ya ukuta, naye akaanza kunionyesha mapaa mojamoja: hapa palikuwa chuo chetu cha Kurani, pale nyumbani kwa mwalimu, na ile nyumba mpya imejengwa juu ya gofu tulilokuwa tukijificha. Tulikaa pale zaidi ya saa nzima. Sidhani kwamba katika nyumba yoyote tungalizungumza kama tulivyozungumza pale juu.

Hapa pana jambo la kuzingatia. Makumbusho ya taifa humtoza raia wa Kenya kiasi kidogo kuliko mgeni wa nje, na uraia huthibitishwa kwa kitambulisho. Mimi nilikuwa na pasi ya Kanada peke yake, na kabla sijafungua mkoba, sahibu yangu alikwisha kulipa tiketi zote mbili, yangu ikiwa ghali mara kadhaa kuliko yake. Katiba ya mwaka 2010 inaruhusu uraia wa nchi mbili, na aliyeupoteza uraia wake wa kuzaliwa anaweza kuomba arudishiwe. Basi tusiliahirishe jambo hili mwaka baada ya mwaka kama nilivyofanya mimi. Hakikisheni pia kwamba laini zenu za simu za Kenya zingali hai, kwani laini iliyokaa muda mrefu bila kutumika hufungwa, na siku hizi hata mwenye kuuza mahamri hulipwa kwa simu.

Kutoka Ngome tuliushika Usita wa Mui, njia kuu ya mji, kuelekea karakana ya sahibu yangu, ambaye ni mchonga milango. Vaeni viatu vya kisigino kifupi na mbebe mzigo mwepesi, kwa kuwa njia ni nyembamba na punda aliyepakiwa matofali hampishi mtu. Karakanani palikuwa na mlango ambao haujakamilika, umelazwa juu ya magogo mawili. Alikuwa akiuchonga mfaa wake, ule mti wa katikati; nusu ya juu ilikwisha kujaa maua na majani, na nusu ya chini ilikuwa na michoro ya penseli tu. Aliichukua patasi, akaigonga mara tatu, jani moja likainuka kutoka kwenye mti, akalipuliza vumbi na kunitazama. Alikuwa akinipuliza vumbi hivyo hivyo darasani, akichonga dawati kwa wembe.

Baada ya adhuhuri tulikwenda Takwa, magofu ya mji wa kale kisiwani Manda. Saa ya safari hii haipangwi na msafiri: mkono wa bahari unaopita katikati ya mikoko huwa hauna maji ya kutosha yakipwa, nasi tulikuwa katika bamvua, yaani siku za maji makuu, ambazo kwetu maji hujaa karibu na saa kumi alasiri. Mwulizeni mwenyeji kabla ya kufunga ahadi nyingine. Tuliuona msikiti ule wa kale wenye nguzo juu ya kibla, na kaburi ambalo watu wa Shela bado hulizuru kuomba mvua.

Kosa langu lilitokea gatini. Kwa sababu ya zile tiketi nilikuwa na haya moyoni, basi tuliporudi niliwahi kumlipa nahodha mbele za watu, tena kwa noti kubwa. Sahibu yangu hakusema neno mpaka tulipofika penye giza la uchochoro, ndipo aliponiambia kwa upole kwamba nimemvunjia heshima katika mji wake. Nilimwomba radhi, naye akanisamehe. Ndugu zangu, mwenyeji wetu mwacheni alipe cha njiani, hata kama mnajua hali yake. Mlicho nacho kipelekeni nyumbani kama zawadi ya watoto, wakati wa kuagana, mkononi, bila kuhesabu.

Usiku ule sahibu yangu alinipa kibao cha mbuzi, kile cha kukunia nazi, alichokichonga mwenyewe. Nilipofika Toronto nilikitangaza kwa maofisa wa forodha, kama inavyotakiwa kwa kitu chochote cha mti, nao wakakitazama na kuniruhusu.

Wenu, mzaliwa wa Langoni

—

Wa alaikum salaam kaka yangu, na Mwenyezi Mungu amrehemu shangazi.

Uliyoyaeleza ni ya kweli kwa wanaume. Mimi nilipotoka Leicester kwenda kumwona shoga yangu, asingaliweza kuiacha nyumba na watoto ili tuzunguke mji mchana kutwa, na lau ningalimshikilia ningalimtia katika taabu. Kwa hiyo akina dada nawashauri waende baada ya alasiri, waingie moja kwa moja jikoni, wala wasingoje kuandaliwa. Nami nilitaka kuketishwa ukumbini, lakini mwenyewe alinisukumia mbuzi na nazi mbili. Mimi nikakuna, yeye akachuja tui, na tulizungumza mpaka adhana ya magharibi.