Mhitimu anayeandika programu za wateja alipwe, au aendelee "kujitolea" kwanza?

Mleta mada, Njiro

Wadau wa Arusha na Moshi, tulijadili hili bila kuoneana haya. Hoja yangu ni kwamba kijana aliyemaliza chuo, ambaye msimbo wake, yaani maandishi ya programu aliyoyaandika, unakwenda kwa mteja anayelipa, naye alipwe. Kama ofisi haina hata posho ya kumpa, isimpe kazi ya mteja.

Simzungumzii mwanafunzi wa fildi. Huyo yuko chini ya chuo, ana daftari la kumbukumbu, ana mwalimu wa kumkagua na wiki zake zinahesabika. Namzungumzia mhitimu wa Chuo cha Uhasibu hapa Njiro, wa Chuo cha Ufundi, wa Ushirika Moshi, au aliyejifunza mwenyewe kwenye freeCodeCamp, tovuti ya bure ya kufundisha programu, kwa bando la usiku. Anapokelewa ofisini kwa maneno matamu, anaambiwa "utapata uzoefu", halafu anazungushwa mwezi hadi mwezi.

Kazi ipo, tusidanganyane. Kampuni ya utalii isiyo na tovuti inayoeleweka inampoteza mgeni akiwa bado kwao Ujerumani au Marekani. Hoteli zinataka mfumo wa vyumba, shule zinataka mfumo wa ada, maduka yanataka mauzo yaungane na risiti za TRA. Kinachokosekana ni nafasi ya mwanzo yenye malipo. Tangazo linasema linamtafuta anayeanza, ukishuka mistari miwili unakuta linadai uzoefu wa miaka 2.

Nieleze mafunzo ni nini, maana neno hili linatumika kama pazia. Nasimamia vijana. Mmoja aliniletea fomu ya kuweka nafasi ya safari, nzuri kwa macho. Nikamwambia: mgeni wa Marekani ameandika 04/07, anakuja lini? Akajibu Julai 4. Mmarekani anaanza na mwezi, kwa hiyo huyo anakuja Aprili 7, katikati ya masika, bei tofauti na baadhi ya kambi zimefungwa. Tukaiondoa ile sehemu ya kuandika kwa mkono, tukaweka kalenda yenye jina la mwezi kwa herufi, na kwenye databesi, yaani hifadhi ya taarifa za mfumo, tarehe ikaanza na mwaka, ikafuata mwezi, ikamalizia siku. Kisha nikamwonyesha jambo la pili: safari inayoanza tarehe 7 saa sita usiku kwa saa zetu, seva, yaani kompyuta inayoendesha mfumo, ikiihifadhi kwa saa za Greenwich inarudi nyuma saa 3, na tarehe inasomeka 6. Dereva angekwenda uwanja wa ndege wa KIA siku moja kabla. Sasa hivi kijana huyo anajaribu mambo hayo mwenyewe kabla hajanionyesha chochote.

Kukaa naye namna hiyo ndiyo mafunzo. Kwa hiyo nawauliza wenye ofisi: kijana wenu wa kujitolea, msimbo wake unasomwa na nani?

Mwenye ofisi, Sakina

Mkuu, napinga, na napinga kwa sababu nimelipa mishahara katika mji huu.

Mteja wa utalii anakupa nusu ya kuanzia, nyingine anakwambia "wageni wakija". Masika ikianza Machi hadi Mei hakuna mgeni, hakuna hela, simu hazipokelewi. Pango halijui masika. Sasa unataka niongeze posho ya kijana ambaye amehitimu lakini hajawahi kutumia Git, chombo cha kutunza matoleo ya msimbo, anajua kueleza databesi ni nini ila ukimwambia aunganishe majedwali mawili anaduwaa. Mtu wangu mzoefu akikaa naye saa 2 kwa siku, hizo ni saa 2 za mteja zimeondoka. Kwa miezi ya mwanzo huyo kijana hanipi kitu, mimi ndiye ninayempa.

Akishaiva anaondoka. Anakwenda Dar es Salaam au anapata mwajiri wa nje anayemlipa dola akiwa sebuleni kwao. Simlaumu, angekuwa mwanangu ningemwambia aende. Lakini msiniite mnyonyaji. Mkinibana, nitabaki na wazoefu wangu wawili, zile fomu rahisi zitaandikwa na akili mnemba, na mlango wa kijana nitaufunga. Hapo mtakuwa mmemsaidia nani?

Mhitimu, Pasua, Moshi

Kaka wa Sakina, shikamoo. Nakusikia, lakini sisi wengine hatukukaa pale kuduwaa. Mimi, katika ofisi ambayo sitaitaja, nilitengeneza sehemu nzima ya ada kwenye mfumo wa shule: mzazi analipa kwa simu, salio linapungua, mhasibu anaona. Shule ilipokea, shule ikalipa. Mimi niliambiwa nisubiri. Nilipouliza mara ya pili, asubuhi yake nenosiri langu likawa halifanyi kazi. Hadi leo siwezi kuonyesha ile kazi popote, maana ipo kwa jina la ofisi, na mwajiri mpya anapouliza nimefanya nini nabaki kusimulia.

Hata dogo wa kushika spana gereji za Unga Limited jioni anapewa hela ya kula.

Na kuna jambo halisemwi. Anayeweza kujitolea miezi yote hiyo ni yule ambaye wazazi wake wana nyumba mjini. Mwenzangu tuliyesoma naye darasa moja, binti wa Rombo, alikuwa ananishinda mbali kwenye hesabu na kwenye kuandika programu. Hakuwa na pa kulala Arusha wala nauli ya kifodi. Amerudi nyumbani anauza dukani kwa mjomba. Ofisi zinadhani zinachagua walio bora, kumbe zinachagua wenye pa kulala.

Afisa utumishi, Arusha mjini

Naomba niongeze upande wa sheria, kwa kuwa wengi wanaamini ukimwita mtu "wa kujitolea" basi umetoka nje ya sheria ya kazi. Siyo hivyo.

Someni kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004. Kinasema mtu anayefanya kazi kwa ajili ya mwingine atachukuliwa kuwa mwajiriwa, hadi ithibitishwe vinginevyo, ikiwepo hata moja ya dalili zilizoorodheshwa. Baadhi yake: namna anavyofanya kazi inaongozwa na huyo mwingine, saa zake zinapangwa naye, ni sehemu ya taasisi, anapewa vifaa vya kazi, au amefanya kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita. Kijana anayeingia saa mbili asubuhi na kutoka saa kumi na moja jioni anafikisha saa hizo 45 ndani ya wiki moja. Jina mlilompa halimzuii kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Jambo la pili ni kubwa kuliko wengi wanavyolichukulia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023. Mfumo wa kampuni ya utalii umejaa pasipoti za wageni, tarehe zao za kuzaliwa, hata magonjwa yao, kwa sababu mpanda mlima anaulizwa afya yake. Ofisi ngapi zimempa kijana asiye na mkataba nakala nzima ya databesi kwenye laptopu yake binafsi, ile anayolala nayo geto? Siku mkigombana kuhusu malipo, taarifa hizo ziko kwake na hamna karatasi inayomfunga.

Mdau, Soweto, Moshi

Mnabishania kazi inayokwisha. Meta, wenye Facebook, walipunguza watu 11,000, Google 12,000. Akili mnemba imekuja kumaliza kazi ya wanaoanza. Waambieni vijana wakajifunze umeme wa jua.

Mleta mada

Ndugu wa Soweto, angalia tarehe. Meta walitangaza kuwapunguza wale 11,000 Novemba 9, 2022. ChatGPT ilifunguliwa kwa umma Novemba 30 mwaka huohuo. Kwa hiyo haikuwa ndiyo iliyowaondoa. Wakati wa Uviko kampuni zile ziliajiri kwa fujo, biashara ilipotulia zikapunguza. Kijana wa Kaloleni asinyimwe posho kwa hesabu za California.

Kwamba zana hizi zinaandika fomu haraka, nakubali, nazitumia kila siku. Lakini mfumo ukiharibika kwa sababu ya jambo la hapa kwetu, anayelijua ni mtu wa hapa.

Karani wa chama cha msingi, Uru

Kwa hilo la mwisho niruhusuni, japo mimi si mtu wa kompyuta. Kuna chama kimoja, si chetu, kililetewa mfumo wa kupokea kahawa. Mfumo unamtafuta mkulima kwa jina. Jamani, huku mlimani! Kijiji kimoja kina akina Mushi hata huwezi kuwamaliza, na majina ya ubatizo ni yaleyale, wajomba na wapwa wanaitwa sawasawa. Karani akiandika jina, wanatokea wanne, naye nyuma yake kuna foleni na mvua inanyesha, anabonyeza wa kwanza. Ilipofika malipo ya pili, mzee mmoja akapewa hela za kilo asizopeleka, na mwenzake akaambiwa hajaleta kahawa msimu mzima. Ilikaribia watu kushikana mashati.

Aliyekuja kuurekebisha mfumo alikuwa kijana mdogo tu. Alikaa mezani pa kupokelea asubuhi nzima bila kugusa kompyuta, anatazama. Akaona kila mkulima anakuja na kitabu chake chenye namba ya uanachama. Akabadilisha: karani anaanza na namba, jina linatokea lenyewe na kitongoji chake, halafu karani analisoma kwa sauti mkulima aitikie. Mpaka leo hakuna ugomvi. Nilimuuliza analipwa shilingi ngapi. Akasema anajitolea. Nilijisikia vibaya, nikampa ndizi za kupeleka nyumbani.

Mleta mada

Mama, kwa mfano huo sina la kuongeza kuhusu thamani ya kijana. Huyo aliokoa heshima ya chama, akaondoka na mkungu.

Narudi kwa kaka yangu wa Sakina, kwa sababu yeye ndiye ana hoja nzito humu. Ni kweli mhitimu anakula muda wa mzoefu mwanzoni. Ndiyo maana sijasema alipwe mshahara kamili siku ya kwanza. Nasema mwandikiane ukurasa mmoja. Posho inayotosha nauli, chakula cha mchana na bando. Mwisho ni miezi 3, baada ya hapo ni mkataba wa kazi au mnaagana. Iandikwe nani atasoma msimbo wake, kwa jina, na mara ngapi kwa wiki. Kazi yake ikiingia kwenye mradi uliolipiwa, apate sehemu iliyokubaliwa kabla. Na akiondoka aruhusiwe kusema wazi alitengeneza nini, bila kutoa siri za mteja.

Kuhusu wateja wanaokimbia, hilo lisibebwe na aliye mdogo kuliko wote ofisini. Nusu kabla ya kuanza, na iliyobaki kabla ya kukabidhi nenosiri la seva. Mteja wa "wageni wakija" akikataa masharti hayo, amekwambia mapema kwamba hatalipa.

Kuhusu kuondoka: wanaondoka, na wataendelea. Lakini jiulize wanaondoka mwezi wa ngapi. Kijana aliyetendewa haki akifika Dar anakukumbuka, mradi ukimzidi anakupigia. Aliyefungiwa nenosiri asubuhi atawaambia wenzake wote waliosoma naye, na mji huu ni mdogo.

Mwenye ofisi, Sakina

Ukurasa nakubali. Posho nakubali, ingawa Aprili itaniuma. Kusoma msimbo kwa ratiba nakubali pia, na nakiri kwamba ofisi nyingi hapa hazisomi, zinaangalia kama ukurasa unafunguka basi. Mgao wa mradi nakataa. Mteja akirudi baada ya miezi 6 kudai marekebisho bure, huyo kijana atakuwa wapi? Hasara inabaki kwangu peke yangu, basi na faida ikae hukohuko.

Mleta mada

Hapo una haki nusu. Mgao uwe wa kazi iliyokabidhiwa na kupita muda wa marekebisho, siyo kabla. Lakini usiwe sifuri.

Mhitimu, Pasua, Moshi

Na sisi ambao tulishafanya bila karatasi, mwajiri akiuliza tumuonyeshe nini?

Mleta mada

Mdogo wangu, usichukue msimbo wa ile ofisi wala taarifa za ile shule, hata kama ni jasho lako. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda programu za kompyuta, na bila karatasi mtabishana ni ya nani. Tengeneza upya sehemu ndogo, ile ya salio tu, kwa shule ya kubuni na wanafunzi wa kubuni. Iweke GitHub, tovuti ya kuhifadhi na kuonyesha msimbo, kwa jina lako. Mbele yake andika ukurasa mmoja kwa maneno yako: mzazi akilipa mara mbili kwa bahati mbaya mfumo unafanya nini, mtandao ukikatika katikati ya malipo salio linakuwaje. Mimi nikiajiri, naanza kusoma huo ukurasa kabla ya cheti. Ukimaliza niletee, nitausoma na kukurudishia maoni, na kaka wa Sakina naomba naye ausome.

Mwenye ofisi, Sakina

Alete. Na yule binti wa Rombo mwambie anitafute kabla msimu wa Juni haujaanza.