Kamera ya Hasselblad ya marehemu baba mdogo na unyevu wa Kigoma

Swali
Habari zenu wakuu. Kesho kutwa napanda treni kwenda Kigoma. Nina Hasselblad 500C/M aliyoniachia marehemu baba mdogo na roli tano za filamu ya 120, ASA 100 (kipimo cha wepesi wa filamu kushika mwanga). Kila roli ni picha 12, yaani 60 safari nzima. Nataka dagaa wakianikwa ufukweni Kibirizi, stesheni ya Mjerumani, na sokwe wa hifadhi ya Gombe. Mita ya mwanga sina, na unyevu wa ziwa unanitia hofu.

Jibu, kutoka mtaa wa Mwanga, Kigoma
Karibu sana mdogo wangu. Filamu ibaki kwenye karatasi yake mpaka unapoipachika, na uipachike kivulini. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi usifungue begi papo hapo. Subiri nusu saa lenzi ipate joto, la sivyo itashika ukungu. Jua likiwa kali anza na tundu la lenzi f/16 kwa kasi ya 1/125 ya sekunde. Ila dagaa wanang'aa kama fedha, hivyo nenda asubuhi mapema boti zikiingia, mwanga bado mpole. Na waombe ruhusa kina mama kwanza, tafadhali, wako kazini.

Jibu, Tabora
Gombe msituni ni giza, ASA 100 haitatosha, na flashi usiwapigie sokwe. Tafuta hata roli moja ya ASA 400.

Muulizaji
Asanteni mno. Roli moja naitenga kwa machweo, jua likizamia upande wa Kongo. Baba mdogo aliyapenda sana.