Gari ndogo ya umeme hapa Tanga: ninunue iliyopo au nisubiri toleo jipya? Tupeane uzoefu

Mwenye uzi, Pongwe

Habari za jioni wana Tanga. Naomba tuzungumze kwa yale tuliyoyaona wenyewe, ya kusikia tuyaweke pembeni.

Naishi Pongwe, kazi yangu iko mjini, na mwisho wa wiki huwa naenda Muheza kumwona mama. Toyota IST yangu imechoka. Akiba niliyonayo inatosha kuagiza Nissan Leaf ya umeme yenye betri ya kWh 40 (yaani inabeba uniti 40 za umeme) kutoka Japani, ile sura iliyoanza mwaka 2017. Tatizo ni kwamba mwaka 2025 wameitambulisha Leaf ya kizazi cha tatu, betri ya kWh 52 au 75, na hiyo kubwa inatajwa kwenda zaidi ya km 600 kwa chaji moja kwa WLTP, kipimo kinachotumika Ulaya. Kilichonivuta zaidi ni kwamba betri yake inapozwa kwa maji. Leaf zilizotangulia hazina mfumo wa kuipoza betri, na joto letu la Januari na Februari mnalijua. Mdogo wangu anasema nivute subira. Mume wangu anasema petroli haitusubiri. Mliopita njia hii mlifanyaje?

Fundi umeme, Nguvumali

Dada, kabla ya toleo tuanze na nyumba. Pasi unaitumia muda mfupi unazima. Gari inavuta ampea zaidi ya kumi usiku kucha bila kupumzika. Niliitwa nyumba moja Makorora, mwenyewe alikuwa anachajia kwenye soketi ya sebuleni. Nilipoifungua, plastiki ya nyuma imegeuka kahawia, ganda la waya linavunjika ukiligusa kwa bisibisi. Waya wenyewe mm 1.5, ule wa taa! Nikamvutia laini yake peke yake kutoka kwenye bodi, waya wa mm 4, na breka yake.

La pili ni waya wa ardhini. Kebo ya kuchajia inaukagua kwanza. Isipoupata inawasha taa ya hitilafu na gari haichaji. Nyumba za zamani za Ngamiani, ukifukua nondo ya ardhini unakuta imeliwa na chumvi, imebaki kama njiti. Watu wanadhani gari ni mbovu, kumbe nyumba. Kazi hii utaifanya ukinunua leo na utaifanya ukinunua baada ya miaka mitano, kwa hiyo ianze sasa hata kama bado unajiuliza.

Mama wa Raskazone

Mwanangu, mimi sikusubiri, na nakueleza yote. Gari yangu ni ndogo ya umeme ya matoleo ya mwanzo, jina lake na la aliyeniuzia nayaacha. Kwenye picha nilizotumiwa, mistari ya betri kwenye dashibodi ilikuwa imejaa mpaka juu. Ilipofika nikaitumia kwa muda mfupi, mstari wa kwanza ukapotea, halafu wa pili, halafu wa tatu. Kumbe kipimo kilikuwa kimerudishwa upya ili betri ionekane nzima. Iliniuma sana, na ndiyo maana nawaambia wote: usilipe kwa kuangalia picha.

Hata hivyo bado naiendesha kila siku. Wajukuu shule, soko la Mgandini, Bombo nikiwa na miadi ya daktari, kurudi nyumbani, na AC nawasha. Kwa bei ya LUKU ya kawaida uniti moja inanifikia kama shilingi 356 pamoja na kodi, na uniti hiyo inanipeleka km 6 hadi 7. Piga mwenyewe: haifiki shilingi 60 kwa kilometa. Gari ya petroli inayokwenda km 13 kwa lita, lita ikiwa karibu na 3,000, ni shilingi 230. Bei ya mafuta inabadilika kila mwezi EWURA wanapotangaza, na sisi wa bandari ya Tanga tunatajiwa ya kwetu.

Lakini kama nyumbani mko kwenye ile tarifa ya shilingi 100 kwa uniti, jua kwamba mwisho wake ni uniti 75 kwa mwezi. Ukivuka, kila uniti ya ziada ni 350 kabla ya kodi. Gari itawavusha.

Joto naliheshimu. Naegesha chini ya mwarobaini, na nikitoka juani sichomeki hapo hapo. Naacha mpaka usiku mkubwa. Sijazi mpaka juu kama sina safari. Pangani na hii sithubutu tena, lakini wewe wa Pongwe na Muheza kwa kWh 40 yenye afya, unasubiri nini?

Msafiri wa Segera

Shikamoo mama. Dada, mimi nasubiri na sina shaka kabisa. Tofauti yetu ni barabara. Mzigo wangu nachukua Kariakoo, na kutoka Tanga hadi Dar ni kama km 350. Leaf ya kWh 40 kwa kipimo cha Marekani, ambacho ndicho nakiamini kuliko vile vya kwenye matangazo, ni km 243 kwa chaji moja. Hapo bado hujawasha AC kwenye foleni ya kuingia mjini. Na njia nzima kutoka Segera hadi Chalinze mimi sijaona chaja ya haraka, na macho yangu yanaitafuta. Ningenunua sasa ningekuwa na magari mawili, moja la kuendea Dar na moja la kujifurahisha.

Ila usidanganyike kuhusu kusubiri kwenyewe. Sura ya 2017 ndiyo kwanza watu wa kipato chetu tunaiagiza. Hii ya 2025 itatufikia imeshatembea miaka huko. Na kodi nayo ina saa yake: gari iliyotumika ikifika miaka 8 inaongezewa ushuru wa uchakavu wa 15%, ikivuka 10 unakuwa 30%. Ile unayoiona nafuu leo, ukiiacha mpaka mwakani inaweza kuwa ghali bila muuzaji kupandisha hata senti. Ingiza mwaka wa gari kwenye kikokotoo cha TRA kabla hujatuma pesa.

Mdau, Chuda

Mbona hamtaji za China? BYD Seagull imeanza 2023, betri ya kWh 30 au 38 aina ya LFP (ya chuma na fosfeti), ambayo inavumilia joto na kujazwa hadi 100% kuliko nyingi. Nililetewa ofa nzuri, nikaenda kuiona: usukani kushoto, skrini yote Kichina, na tundu la kuchajia ni la GB/T, kiwango cha China. Nikaiacha. Uingereza wanaiuza yenye usukani wa kulia kwa jina la Dolphin Surf. Hiyo ikianza kuingia sokoni ikiwa imetumika, mimi ndiyo nitakayoichukua.

Mwenye uzi, Pongwe

Nawashukuru sana, mama shikamoo. Naona nilikuwa napima gari wakati nilitakiwa kupima safari zangu. Dar napanda basi na nitaendelea kupanda basi. Kilichobaki ni hofu ya kuuziwa betri iliyochoka, na swali la Lushoto, maana Idi tunakwenda kwa wakwe.

Mdau, Korogwe

Lushoto inawezekana ila usiondoke Tanga ukaiparamia moja kwa moja. Kutoka Mombo ule mlima ni kama mita 1,000 kwenda juu. Kwa uzito wa Leaf kupanda kwenyewe kunakula uniti 4 hadi 5 juu ya matumizi ya kawaida. Mimi huwa nalala kwa ndugu Korogwe, nachaji usiku, asubuhi napanda. Kushuka, mota inarudisha sehemu nzuri ya ule umeme na breki unazigusa mara chache.

Kuhusu betri: mwambie wakala achomeke kifaa cha OBD, kile cha kusoma kompyuta ya gari, na kufungua programu ya LeafSpy, arekodi video moja isiyokatwa inayoanza na namba ya chasi na kuishia kwenye SOH, yaani asilimia ya afya ya betri iliyobaki. Mimi chini ya 85% sichukui.

Fundi umeme, Nguvumali

Na kebo aiandike kwenye oda. Nyingi zinashushwa bandarini buti likiwa tupu.