Je, maandalizi ya ujauzito huanzia kliniki?

Mwanachuo, Dodoma: Ndugu zangu, wenzangu wengi huamini kwamba asidi ya foliki (aina ya vitamini B) ni ya wanawake ambao tayari ni wajawazito. Je, ni sahihi?

Mkunga: Si sahihi, kwa kuwa asidi hiyo husaidia kufunga vizuri mrija unaojenga ubongo na uti wa mgongo wa mtoto, nao hufunga takribani siku 28 tangu mimba kutungwa, wakati ambapo wengi hawajatambua kuwa ni wajawazito, ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hushauri mikrogramu 400 za asidi hiyo kila siku tangu mwanamke anapoanza kutafuta mimba hadi wiki 12 za ujauzito.

Msomaji, Mwanza: Wavulana nao, ambao hulichukulia jambo hili kuwa la wasichana (msimamo nisioukubali), wapime selimundu (ugonjwa wa damu wa kurithi), kwani wazazi wote wawili wakiwa wabebaji wa vinasaba vyake, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kupata mtoto mgonjwa.

Mwanachuo: Ahsanteni. Kipimo hicho nikiulizie wapi?

Mkunga: Anzia hospitali ya rufaa ya mkoa.