Ushauri: Wiki ya tano tangu nirudishiwe kano ya nyuma ya paja, nyumbani wanataka nikandwe

Mwalimu wa Zamu
Wakuu, habari za leo. Naomba ushauri kwa aliyepitia hili au mwenye utaalamu.

Nina miaka 41. Niliteleza barazani kwenye maji, mguu wa kulia ukachomoka mbele umenyooka huku nimeinama. Chini ya kalio nikasikia mlio kama kamba imekatika. Kesho yake paja lote la nyuma lilikuwa jeusi. Zahanati waliniambia msuli umeshtuka tu, nikapewa vidonge vya maumivu. Siku kumi zikapita ndipo MRI ikaonyesha kano zote tatu zimeng'oka kwenye mfupa wa kukalia. Nikafanyiwa upasuaji, zikashikizwa mfupani kwa nyuzi na vinanga vidogo.

Sasa ni wiki ya tano. Maumivu yamebaki nikikaa tu. Daktari alisema magongo wiki 6. Lakini shangazi yangu, aliyenilea na ndiye anayeniuguza, anaona mguu utakakamaa. Amemwita mama mmoja anikande kwa maji moto na kuunyoosha. Sitaki kumvunjia heshima. Choo chetu nacho ni cha kuchuchumaa, na kusali kunanipa shida. Nifanyeje?

Bint Tanga
Pole sana mwalimu. Usikubali kunyooshwa kabla hujaongea na daktari wako.

Mazoezi Tiba
Mkuu, pole. Mimi ni mfiziotherapia, wagonjwa wa aina hii nimewahudumia.

Kwa sasa kano imeshikwa zaidi na zile nyuzi, haijashikana na mfupa sawasawa. Maumivu huisha mapema kuliko kano inavyopona, na hapo ndipo watu wanapojiumiza. Mkao wa hatari ni nyonga kukunjwa huku goti limenyooka, yaani ule ule uliokuangusha. Anayekunyoosha mguu ukiwa umelala chali anakurudisha hapo hapo. Maji ya moto nayo yaache: kidonda bado kichanga, na sehemu yenye ganzi huungua bila wewe kuhisi.

Unachoweza kufanya, kama daktari wako hajakukataza, ni kuchezesha kifundo cha mguu kila saa ili damu itembee, na kukaza msuli wa mbele ya paja bila kusogeza mguu. Magongo hayaachwi siku moja. Unaongeza uzito kidogo kidogo, kisha unabaki na gongo moja upande wa mguu mzima, hadi utembee bila kuchechemea. Mazoezi ya kuutia nguvu msuli wenyewe, kama kulala chali magoti yamekunjwa na kunyanyua makalio, mara nyingi huanza baada ya wiki ya 6 na kuongezwa taratibu kuanzia mwezi wa 3. Mbio nyepesi ni baada ya miezi kadhaa, na mpira kwa wengi ni kati ya miezi 6 na 12.

Shavu la mguu likivimba na kuuma, au ukibanwa pumzi ghafla, nenda hospitali saa hiyo hiyo, damu inaweza kuwa imeganda. Kidonda kutoa usaha, homa, au kushindwa kunyanyua unyayo, usisubiri kliniki. Mshipa mkubwa wa fahamu wa mguu unapita jirani kabisa na pale ulipopasuliwa.

Fundi Seremala
Mimi nilipasuliwa kama wewe. Wiki ya 8 nikajiona mzima, nikainama kuokota msumari bila kukunja goti. Nilivutika vibaya, nikarudi nyuma karibu mwezi mzima. Nashukuru haikung'oka.

Choo: chukua kiti imara cha mbao, toboa katikati, weka juu ya tundu, tanguliza mguu mgonjwa mbele kidogo goti likiwa limekunjwa. Kula mapapai na kunywa maji mengi, maana kujikamua kuliniumiza kuliko kidonda. Kukalia, nilikata godoro la sponji nikaacha shimo upande wa mfupa unaouma.

Abuu Salma
Kuhusu sala ndugu yangu, rukuu ya kusimama ndiyo mkao aliokukataza mtaalamu hapo juu. Dini imetupa nafasi: asiyeweza kusimama asali amekaa, asiyeweza kukaa asali kwa ubavu. Rukuu na sijida ashirie kwa kichwa.

Mwalimu wa Zamu
Mungu awabariki. Hilo la rukuu sikuwa nimelifikiria kabisa, nimekuwa nikiinama wiki nzima. Jana nilimsomea shangazi jibu la mtaalamu, akauliza, "Kwa hiyo ningekung'oa tena?" Akanyamaza muda mrefu. Leo amemwambia yule mama asije, na amesema Alhamisi tutakwenda wote kliniki akaulize mwenyewe. Swali la mwisho: naweza kupanda bodaboda kwenda huko?

Mazoezi Tiba
Hapana mkuu. Kupanda na kushuka kunaurusha mguu, na tuta moja linatosha kukupiga pale pale kwenye mfupa. Tafuta gari, lala kiti cha nyuma. Na shangazi aje na maswali yake yote.