Mnaouza sungura na kusema "hawana maneno", njooni mlipe zulia langu

Wadau, leo sina adabu, mtanisamehe. Nimeamshwa saa kumi na moja alfajiri na mlio wa krr, krr, krr nyuma ya sofa. Kuwasha taa, waya wa ruta umekatwa vipande vitatu, safi, utadhani umepitishwa makasi. Huo ni wa nne. Chaja mbili na waya wa pasi zilishatangulia.

Nakaa Umoja, Nairobi, ghorofa ya tatu. Mwanangu wa miaka saba alinililia sungura mpaka nikasalimu amri, nikanunua wawili, Simba na Njugu. Aliyeniuzia aliniambia kwa mdomo wake: "Mama, hawa hawana maneno. Sukuma wiki asubuhi, karoti jioni, basi. Na wote ni madume, hutasumbuka na watoto." Maneno kweli hawana. Wana meno!

Simba kazi yake ni mbao: miguu ya meza, fremu ya mlango, kabati la jikoni. Njugu ni mchimbaji. Alianzia kona ya zulia karibu na balkoni. Anakwangua kwa miguu ya mbele, mbio mbio, anatulia, anavuta nyuzi kwa meno, anazisukuma pembeni, anarudia. Sasa hivi pale pana saruji tupu ukubwa wa sinia. Keateka, msimamizi wa jengo, ameshaiona fremu ya mlango na ameniambia dipositi niisahau.

Nikaomba ushauri kwa majirani. Ebo! Wa kwanza: paka pilipili. Nikapaka. Simba akapiga chafya mbili, akahamia mguu wa meza ambao haukupakwa. Mtoto akashika ule uliopakwa, akajifikicha macho, tukashinda kwenye beseni mpaka saa nne usiku. Wa pili: mzabe kofi atajifunza. Sungura akishtuka akarusha miguu vibaya anaweza kujivunja uti wa mgongo, na hata asipoumia hajui anachapiwa nini, atakachojifunza ni kukukimbia. Wa tatu: kata matawi ya parachichi hapo nje, mpe atafune. Parachichi ni sumu kwa sungura, jamani! Bahati yangu niliuliza kwanza. Na nyinyi wa "mle na ugali", leo msinijibu, mtoto anasoma hapa.

Wiki iliyopita nikambeba Simba kwa katoni mpaka kwa daktari wa mifugo, nikitaka sindano ya kumtuliza. Daktari akauliza: anakula nyasi kavu kiasi gani? Nyasi? Mimi niko ghorofani! Ndipo nikaambiwa kwamba meno ya sungura hayaachi kukua mpaka anakufa, ya mbele yanaongezeka kama milimita 2 au 3 kwa wiki. Yanasagika kwa kutafuna kitu kigumu kutwa kucha. Nyasi kavu ndiyo inatakiwa iwe ugali wake, mboga ni kitoweo, karoti ni peremende. Mimi nilikuwa namlisha peremende na kitoweo halafu namgombeza kwa kula meza. Kuchimba nako ni asili yake, mababu zake waliishi mashimoni. Kuhasiwa, kuanzia miezi minne hadi sita, kunapunguza fujo.

Kwa nini hayo sikuambiwa siku natoa pesa?

Basi nimenunua robota la nyasi kavu za Boma Rhodes agroveti, sebule inanuka zizi. Mpira wa kumwagilia maji nimeupasua kwa urefu nikazivalisha nyaya zote, na huo ndio ushauri pekee ninaoutoa bure, maana umekubali. Isipokuwa ruta, niliisahau. Simba amepewa vijiti vya mforsadi, meza sasa inapumua. Njugu nilimwekea katoni yenye magazeti yaliyochanwa achimbe humo. Aliingia, akanusa, akatoka, akarudi kwenye zulia.

Kuhusu Njugu, yule muuzaji kama uko humu, nisikilize vizuri. Asubuhi hii nilipoinama kuokota vipande vya waya, nilikuta lile shimo limejazwa nyasi, na juu yake manyoya laini mengi. Nikamgeuza. Kifua kiko wazi, amejinyofoa mwenyewe. Nikampigia daktari nikamweleza, akacheka, akaniambia nitafute sanduku na nimtenge na mwenzake leo hii.

Kaka, uliniambia wote ni madume.